Filimbi Sita Nilizozichagua Mwezi wa Ramadhani

Nimeacha bendi nikiwa na miaka ishirini na saba. Najua mnacheka. Mtu wa umri huo akisema amestaafu, watu humwuliza kama amefukuzwa au amerukwa na akili. Sikufukuzwa. Nimeondoka kwa miguu yangu, na ninawaandikia nyinyi mnaosimama sasa kwenye mstari wa filimbi kwa sababu nimesikia mnachosimuliana kuhusu Mzee Faraji. Mnasema miaka sita nyuma aliondolewa mstarini kwa kuwa kifua kilimwishia. Huo ni uongo, na aliyeuacha uongo huo utembee ni mimi. Nilitaka hasira zipoe kwanza ndipo niandike. Hazikupoa. Basi nitaandika nazo.

Nilijifunza peke yangu. Filimbi yangu ya kwanza ilikuwa kubwa, ya mbao nyeusi, vipande vitatu vinavyochomekana, matundu sita ya vidole na kidude kimoja cha chuma cha kubonyeza kwa kidole cha mwisho. Niliipata mnadani mjini, pale Vuga, familia moja ya Kigoa ilipokuwa inahama na kuuza kila kitu mpaka vyandarua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Hakuna aliyenifundisha namna ya kuishika. Nilikwenda kila wiki kusimama nje ya dirisha la klabu moja ya taarabu Vikokotoni, nikasikiliza mpiga nai, ile filimbi ya mwanzi, nikarudi nyumbani kutafuta sauti moja moja na kuiandika kwenye daftari la shule: vidole vipi vimefunga, vipi vimefungua, pumzi kiasi gani. Daftari hilo ninalo bado. Kurasa zake nyingi zimefutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi imetoboka.

Mtu aliyejifunza peke yake ana ugonjwa mmoja: hajui siku gani ameshajua. Mimi nilikuwa naamka kabla ya alfajiri kuangalia kama kizibo cha ndani kimesogea. Nilipaka mbao mafuta ya ufuta, nikafuta, nikapaka tena kwa kuwa nilihisi nimekosea upande. Klabu ya taarabu iliponikubali hatimaye, nikiwa na miaka kumi na minane, nilikaa kwenye kiti cha nyuma kila onyesho. Lakini watu walisema filimbi yangu ina sauti tamu, hasa zile za chini, na neno hilo "tamu" nilililamba kama mtoto anavyolamba kijiko. Lishikeni neno hilo. Ndilo lililoniharibu.

Bendi yetu ilinihitaji miaka miwili baadaye. Mnaijua: ngoma nne ndogo, ngoma moja kubwa, filimbi sita, viatu vyeupe, na Kepteni mbele na fimbo yake. Kepteni ni Bwana Mselem, na cheo hicho alijipa mwenyewe, maana hakuna jeshi lililowahi kumwona. Aliniambia mazoezi ni uwanjani Kikwajuni baada ya Alasiri, na kwamba mtu anayepiga filimbi kubwa hawezi kushindwa na ndogo.

Siku ya kwanza nilishindwa na ndogo. Filimbi ya gwaride ni kipande kimoja, fupi kama mkono wa mtoto, tundu lake la ndani jembamba, matundu ya vidole yamebanana, na tundu la kupulizia ni dogo mno. Nilipuliza kama ninavyopuliza ile kubwa. Ukatoka upepo mtupu. Wapiga ngoma wakatazamana. Aliyesimama kulia kwangu akacheka bila kuficha.

"Wewe unapoza uji," akasema.

Huyo ndiye Mzee Faraji. Alikuwa mkwezi wa minazi Kiembe Samaki, mtu mfupi wa kifua kipana, wakati huo ameshapita hamsini. Alikuja mazoezini kwa baiskeli, filimbi imechomekwa kiunoni ndani ya kikoi kama wengine wanavyochomeka kisu. Filimbi yake ilikuwa kuukuu kuliko mimi. Ilikuwa na ufa, na juu ya ufa ameviringisha waya wa shaba ukawa kama pete. Chini ya kidole chake cha shahada mbao ilikuwa imelika, imefanya kibonde.

"Shikamoo Mzee," nikamwambia kwa haya.

"Marahaba, mwanangu. Mdomo umeshakula leo?"

Sikuelewa. Akanieleza kuwa mdomo wa mpiga filimbi hula mazoezi, na wangu una njaa. Kisha akanifundisha. Usifungue mdomo, alisema, ubane, utoe pumzi nyembamba na ya haraka, kama unayetema ganda la mchele lililokwama kwenye ncha ya ulimi. Akapiga sauti moja ya juu. Nilihisi imepita ndani ya kichwa changu na kutokea upande wa pili. Mbwa aliyelala chini ya ukuta akainuka akaondoka.

Kila siku tangu hapo nilimwamkia, na kila siku alijibu vile vile: marahaba mwanangu, mdomo umeshakula leo? Kama umekula nilisema umekula. Kama sikufanya mazoezi nilisema ukweli, naye hakunisema. Kwa wiki saba nilikuwa na mwalimu, mara ya kwanza katika maisha yangu. Sasa sikilizeni nilichomfanyia.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia masika. Siku chache kabla ya mwezi kuandama, Kepteni alikuja na habari. Duka moja la mjini lilikuwa limepata sanduku la filimbi mpya za gwaride, kumi na mbili. Wangetupa sanduku zima tuzijaribu, tuchague sita, turudishe sita zilizobaki pamoja na filimbi zetu zote sita za zamani, ziwe sehemu ya malipo. Na mwenye duka alitaka jibu kabla ya sikukuu.

"Atachagua huyu," Kepteni akasema, akinielekezea fimbo. "Huyu ndiye fundi wa filimbi. Sikio lake la taarabu."

Mzee Faraji alikuwa anafunga baiskeli. Akasema bila kugeuka, "Filimbi ya kupigwa nje haichaguliwi mwezi wa Ramadhani, Kepteni. Ngoja mwezi wa sikukuu uandame, tutoke nazo uwanjani."

"Mwenye duka hangoji mwezi wako."

"Basi mpe mtu azichukue shamba. Kule kwangu kuna nafasi, hakuna wa kumsikia ila kunguru."

Kepteni akaniangalia mimi. Ningeweza kusema ndiyo. Nilijua Mzee ana haki. Sikujua kwa nini, lakini nilijua. Badala yake nilifikiria watu watakavyoniona nimepakia sanduku la filimbi kwenye baiskeli mwezi mtukufu, napita nalo mitaani. Na nitasema lile jingine pia, kwa kuwa nimeahidi kutoficha: nilikuwa nimetajwa fundi mbele ya watu, na sikutaka fundi mwingine shambani akinisimamia.

"Ntaweza hapa hapa," nikasema.

Mnajua desturi yetu. Mwezi ukiingia ngoma zinapumzika, klabu za taarabu zinafunga milango, mtu hapulizi hata mluzi. Sanduku likawekwa stoo nyuma ya nyumba ya Kepteni, na sharti likawa moja. "Nisisikie kelele," aliniambia. "Mama yupo chumba cha pili anasoma Kurani. Zijaribu polepole."

Hebu fikirini. Mtu amefunga, ni saa tisa za mchana, midomo imekauka mpaka imenata. Anaogopa kulowesha midomo kwa ulimi asije akameza. Yumo ndani ya stoo ya magunia, mlango umefungwa, mvua inapiga bati. Na anajaribu chombo kilichotengenezwa kusikika juu ya ngoma tano katika uwanja wenye watu elfu, kwa pumzi ya kupoza uji. Nilizijaribu zote kumi na mbili, siku nne, kwa sauti za chini kabisa, kwa sababu sauti za juu zingemfikia Bi Mkubwa, mama yake Kepteni, kwenye msahafu wake. Niliandika kwenye daftari. Hii inajibu haraka. Hii ina sauti tamu. Hii inakwaruza. Niliandika "tamu" mara tisa. Sikupiga sauti hata moja ya juu kwa nguvu, siku zote nne. Nilizipapasa tu, na kila iliyojibu upapasaji wangu nikaisifu.

Sita zilizokuwa ngumu, zilizotaka mdomo uliobanwa na kifua, niliziweka upande wa kurudishwa. Sasa najua kuwa hizo ndizo zilikuwa filimbi. Nilizozibakisha zilikuwa na tundu la kupulizia lililochongwa pana, ukingo wake butu. Ukizipapasa zinaimba. Ukizibana zinapasuka sauti au zinanyamaza.

Sijamaliza. Siku ya nne niliiona filimbi ya Mzee Faraji imewekwa pamoja na za zamani, tayari kwenda dukani. Kepteni alikuwa amemtaka ailete, naye akaileta. Niliishika. Kibonde cha kidole chake hakikulingana na kidole changu. Wazo la kuificha lilinijia, wallahi lilinijia, na ningeweza kurudisha moja pungufu nikaeleza. Lakini orodha yangu ilikuwa safi. Kumi na mbili kurudi, sita kubaki. Nilipenda orodha safi kuliko nilivyompenda mwalimu wangu. Nikaiweka sandukuni nikafunga kifuniko.

Mchana wa sikukuu tulitoka Ng'ambo tukaingia Mnazi Mmoja katika nguo nyeupe. Uwanja ulikuwa umejaa, bembea zinazunguka, wauza halua wamepanga sinia, kanga mpya za kila rangi. Ngoma kubwa ikapiga mara tatu, ngoma ndogo zikaingia, nasi tukainua filimbi.

Hakikusikika kitu.

Niliisikia yangu mwenyewe kwa shida, na mimi niliishikilia mdomoni. Wenzangu wakaanza kupuliza kwa nguvu. Mbili zikatoa mlio kama mlango usiotiwa mafuta. Tuliendelea kutembea hatua kwa hatua, mashavu yametuna, filimbi zimekaa ubavu mdomoni, na ngoma peke yake ndiyo inayosema. Tulipowapita wanawake waliokaa kwenye mkeka karibu na njia, mmoja akawauliza wenzake kwa sauti ya kuhakikisha tunasikia:

"Jamani, hawa wanapiga nini?"

"Hawapigi," mwenzake akajibu. "Wanakula mahindi."

Mkeka mzima ukaanguka kwa kicheko. Jina hilo mnalijua, mnaitwa hivyo mpaka leo mkipita Darajani, Wala Mahindi, na hamjui limetoka wapi. Limetoka kwenye daftari langu.

Kepteni alitusimamisha nyuma ya bembea. Uso wake ulikuwa mweusi kwa aibu. Akataka kila mmoja apige peke yake, sauti ya juu. Wa kwanza akakwaruza. Wa pili hivyo hivyo. Mimi nikatoa kitu kidogo, chembamba, kwa sababu miaka minane ya filimbi kubwa ilinifundisha kuiba sauti. Ikafika zamu ya Mzee Faraji. Akabana mdomo kama alivyonifundisha mimi, akatoa ile pumzi yake ya haraka, na filimbi ikapasuka, ikanyamaza. Akajaribu tena. Mishipa ya shingo ikasimama. Ikanyamaza.

Kepteni alikuwa anatafuta mtu wa kumtupia aibu ile, na alimpata.

"Mzee, pumzi zimekwisha," akasema, mbele ya bendi nzima na mbele ya watu waliotufuata kutucheka. "Si haya, ndo umri. Kapumzike."

Mzee Faraji aliigeuza ile filimbi mpya mkononi, akaitazama, akanitazama mimi. Akaniuliza taratibu, na hakuwa ananituhumu, alikuwa anauliza kwa kuwa mimi ndiye niliyetajwa fundi:

"Ati ni pumzi, mwanangu?"

Nilijua. Hapo, nyuma ya bembea, nilijua kila kitu kwa mara moja, stoo, mvua, sauti za chini, midomo mikavu. Na hiki ndicho nilichomjibu mtu aliyenifundisha kutema ganda la mchele:

"Labda uchovu wa mfungo, Mzee."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa habari aliyokuwa akiiogopa. Akampa Kepteni filimbi, akaenda kutafuta baiskeli yake. Hakurudi mazoezini.

Yaliyofuata nitayapitia upesi, maana ndiyo mnayoyajua na ndiyo mnayonisifia. Nilimshauri Kepteni tupunguze ngoma, tukapunguza. Nikabadilisha nyimbo zikae kwenye sauti za chini. Baada ya miaka miwili sanduku jingine lilipatikana, na safari hii nilichagua kama inavyotakiwa. Nitawaandikia, mlishike, hata mkitupa mengine yote. Toka nje. Usiijaribu filimbi ya gwaride mahali penye paa. Kula kwanza, kunywa maji, lowesha mdomo. Anza na sauti za juu, za chini zinaweza kungoja na hutazihitaji sana. Weka mtu wa ngoma karibu yako apige huku unapuliza, na mtu mwingine mbali, mwisho wa uwanja, ainue mkono kila anaposikia. Usiamini sikio lako mwenyewe. Filimbi inayokupendeza wewe karibu na shavu mara nyingi haifiki kokote. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa tundu la kupulizia, uwe mkali lakini usikate. Chungulia ndani kwenye mwanga uone mbao imenyooka. Kisha zipige mbili mbili pamoja, maana filimbi nzuri isiyokubaliana na jirani yake itautesa mstari mzima. Na wewe uliyezoea filimbi kubwa, iweke kando ile sifa yako ya utamu kabla hujagusa sanduku.

Mwaka ule wa sanduku la pili bendi ilisikika kutoka Mnazi Mmoja mpaka madirisha ya Vuga. Kepteni alinipiga bega akasema amepata fundi. Sasa nilikuwa na ushahidi kamili kuwa kosa lilikuwa la mbao na si la kifua cha mtu, na bado nilinyamaza. Nilijiambia ameshazoea. Nilijiambia Kiembe Samaki ni mbali. Kiembe Samaki si mbali hata kidogo.

Miezi michache iliyopita niliingia lile duka la mjini kutafuta kamba ya ngoma. Mwenye duka alikuwa anasafisha rafu za nyuma, na juu ya meza kulikuwa na kisanduku cha vitu visivyouzika: bawaba, vifungo, ncha za kalamu, glasi ya taa iliyopasuka. Kati yake ilikuwamo filimbi moja ya zamani yenye pete ya waya wa shaba.

"Hiyo haina mtu," mwenye duka alisema. "Nani anataka filimbi yenye ufa? Chukua tu."

Nilikwenda Kiembe Samaki siku ile ile. Nilipofika nilimkuta amesimama mbele ya kibaraza anafua nazi kwenye kifuo, kijiti chenye ncha kilichosimikwa chini, nazi alizoangushiwa na mtu mwingine. Kamba yake ya ukwezi ilikuwa imening'inia kwenye msumari, imeshika vumbi.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mdomo umeshakula leo?"

Miaka sita, na aliniuliza. Nilitamani asiniulize. Tukaketi kibarazani, nikamwambia yote, kwa mpango, kama ninavyowaandikia nyinyi hapa: stoo, Bi Mkubwa, sauti za chini, orodha safi, na lile jibu langu nyuma ya bembea. Nikaitoa filimbi nikaiweka juu ya mkeka baina yetu. Alisikiliza na nazi mkononi. Nilipomaliza alisema, bila kupandisha sauti hata kidogo:

"Unajua kwa nini siku hizi sipandi minazi?"

"Sijui, Mzee."

"Mkwezi anapanda kwa kifua. Ukiwa juu, mikono imechoka, kinachokushikilia ni kujua kwamba pumzi ipo. Niliambiwa haipo. Nikakuuliza wewe, ukanambia labda. Wiki ile nilipanda mnazi mmoja, nikafika nusu, nikasikia moyo unapiga, nikasema kweli, si nshaambiwa? Nikashuka. Sijapanda tena." Akaiweka nazi chini. "Miaka sita nnajihesabu mtu niliyekwisha. Watoto wangu wamenihesabu hivyo. Mama yao amekufa akiniambia nisijichoshe."

Nikasema, "Nisamehe, Mzee."

"Ngoja kwanza."

Akaiokota filimbi, akaifuta kwa kikoi, akachungulia ndani, akapuliza vumbi. Kidole chake cha shahada kikaingia kwenye kibonde chake kama mtu anayeingia chumba chake gizani. Akabana mdomo. Ile sauti ya juu ikatoka, nyembamba, ngumu, ikapita juu ya mihogo ikaenda. Jirani aliyekuwa mbali akilima aliinuka na jembe mkononi kutazama. Mzee akaipiga tena, ndefu zaidi, mpaka mimi nikaishiwa pumzi kwa kumngoja. Alipoishusha, macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa ya furaha.

"Ilikuwapo," akasema. "Siku zote hizi ilikuwapo."

Kisha akasema, "Sasa nenda ukamwambie yule. Mbele ya watu, kama alivyonambia mimi."

Nilimwambia. Ilikuwa mazoezini Kikwajuni, baadhi yenu mlikuwapo, mkadhani nina homa. Nilisema nani alichagua filimbi zile, wapi, na kwa pumzi gani. Kepteni alinisikiliza huku anapangusa kiatu.

"Yamekwisha hayo," akasema. "Bendi inakwenda vizuri. Unafukua makaburi ya nini?"

"Arudi mstarini."

"Nafasi hakuna. Filimbi ni sita, watu sita."

"Ipo," nikasema. "Yangu."

Alicheka, akidhani nafanya mzaha. Kisha akauliza kama mzee yule ana pumzi kweli, na swali hilo lilinipandisha hasira nilizonazo mpaka leo, kwa sababu bado alikuwa anauliza pumzi. Nikamwambia asiniulize mimi, mimi nilishawahi kuulizwa. Siku ya pili Mzee Faraji alikuja kwa baiskeli, filimbi kiunoni. Nilikwenda kusimama mwisho wa uwanja, kule ninakowaweka watu wa kuinua mkono. Ngoma zote zikapigwa. Niliinua mkono tangu sauti ya kwanza na sikuushusha mpaka wimbo ukaisha.

Basi ndivyo nilivyostaafu. Sikukuu iliyopita mlipita naye Mnazi Mmoja, mtu wa kulia kabisa, mwenye filimbi ya ufa, na mnajua wenyewe ni filimbi ya nani iliyosikika. Minazi hapandi. Amesema imerefuka kwa miaka sita na yeye ameongeza sita, na hiyo hakuna atakayemrudishia.

Mlipomaliza nilimfuata nyuma ya bembea, pale pale.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba," akasema, akachomeka filimbi kiunoni, akaenda kwenye baiskeli yake.

Hakuniuliza kitu. Sipigi tena kwenye bendi yoyote, lakini kila asubuhi natoka nje na kufanya mazoezi, sauti za juu kwanza, ili siku atakapouliza niwe na jibu la kweli.